Upepo wa Tudor ulivyomeza sauti, na tulivyoirudisha

Tulitaka video ya dakika mbili kuhusu taka zinazokaba mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini chupa na vifuniko bado vinanasa kwenye mizizi. Bibi mmoja muuza samaki alitueleza kwa uchungu jinsi nyavu zinavyopanda na uchafu. Nyumbani nikafungua simu: mvumo wa upepo wa kusi mtupu! Iliniuma sana, maana maneno yale ndiyo yaliyokuwa video yenyewe.

Kwanza nilijaribu kupunguza mvumo kwa programu. Sauti ya bibi ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Kumbe kosa lilikuwa umbali. Simu ilikuwa hatua nne kutoka kinywani mwake, upepo uko karibu zaidi.

Tuliporudi kwa bibi, nikachukua simu ya pili, kuukuu, nikaiweka irekodi sauti tu, hali ya ndege ikiwa imewashwa ili isilie katikati. Maikrofoni nikaifunika kipande cha sponji ya godoro, bibi akaificha ndani ya leso, kifuani. Nikapiga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Mlio huo ndio niliotumia baadaye kulinganisha picha na sauti.

Ilikuwa saa kumi na mbili unusu asubuhi, upepo haujaamka.

“Shikamoo bibi, tutakusumbua tena.”

“Marahaba mwanangu. Mara hii yasikike.”

Yalisikika, hata pale alipopumua kabla ya kutaja nyavu.