Usiku Niliokataa Kufa

Juni 2014, baridi ya kupasua midomo. Nilikuwa kuruta wa mujibu wa sheria, nimetoka kumaliza kidato cha sita, kwenye kambi moja ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, jirani na msitu wa Sao Hill, Iringa. Utaratibu huo wa lazima kwa wahitimu ulikuwa umesimama tangu 1994 na kurudishwa 2013, kwa hiyo kaka zangu hawakuwa na cha kunihadithia. Mjomba ndiye aliyecheka nilipoaga.

Zoezi lilikuwa la kuvizia. Sisi tupite njia ya wakata mbao, wenzetu watusubiri. Silaha zetu zilikuwa bunduki za mbao, na rashasha ya adui ilikuwa debe la mafuta ya kula linalogongwa kwa vijiti viwili. Mchana ni kichekesho. Usiku, katikati ya mipaina, ukiwa na siku tatu hujalala ukashiba, moyo unaruka kwelikweli.

Debe likalia. Nikajitupa nyuma ya kisiki.

"Umekufa wewe!"

"Sijafa!"

"Nimekuona!"

"Umeniona na nini, giza lote hili?"

Ndani ya dakika moja zoezi likageuka kijiwe cha bao. Hakuna upande uliokuwa na maiti hata mmoja. Nikiri leo: jamaa alinipata, goti langu zima lilikuwa nje ya kisiki.

Afande akapiga filimbi, akatuketisha chini. Nilitegemea tuviringishwe kwenye matope. Badala yake akaanza kutueleza habari za MILES, mitambo ya mazoezi ya Wamarekani, wanayoitumia hata Fort Irwin, kwenye jangwa la California. Bunduki ni ya kweli ila inapiga risasi baridi. Mlipuko unaamsha kifaa kilichofungwa kwenye mtutu, nacho kinatoa mwali wa leza usioonekana kwa macho. Askari amevaa vitambuzi kifuani na kwenye helmeti. Ukikoswakoswa, vinalia kidogo. Ukipatwa, vinalia mfululizo. Na kwenye vile vya zamani, ili kelele ikome ilibidi uchomoe ufunguo kwenye bunduki yako mwenyewe, nayo ikazimika hapohapo.

"Maiti hapigi tena," akasema. Mimi ufunguo huo ulinivutia kuliko leza yenyewe.

Kuruta mmoja akauliza kama mwali huo unapita kwenye majani. Haupiti, afande akajibu, na huo ndio udhaifu wake, maana risasi ya kweli haijali jani.

"Kwa hiyo huko kuna waliopona kwa sababu ya kichaka," nikaropoka.

"Wewe maiti, nyamaza."

Akaongeza kwamba waamuzi wa huko wana bunduki yao ya peke yao, inayomuua yeyote wamtakaye. Akainua tochi yake. "Yangu hii hapa. Nitakayemmulika amekufa, na sitaki mjadala."

Tukarudia. Safari hii nilipata shimo zuri, sindano za paina zimejaa ndani kama godoro, na humo hamkuwa na upepo. Nikalisikia debe likilia mbali, kisha karibu, kisha sikulisikia tena.

Kilichofuata ni mwanga mkali usoni.

"Kuruta! Umekufa au umelala?"

"Nimekufa, afande."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu debe la kwanza, afande."

Tochi ikazimwa. "Basi kufa bila kukoroma."