Siku moja ya mwalimu msaidizi wa elimu mjumuisho, Wete

Saa 1:00 asubuhi
Elimu mjumuisho ni watoto wenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzao. Kazi huanza na madawati. Mwenye uoni hafifu anakaa mbele, dirisha likiwa nyuma au ubavuni mwake. Likimkabili, mwanga humchoma na ubao hauoni. Mwenye usikivu hafifu anakaa pale anapouona vizuri mdomo wa maalim.

Kisha vifaa vya kusikia. Kifaa kizima kikifumbatwa kiganjani hupiga mluzi. Kikinyamaza, naangalia betri, halafu nta kwenye kipande cha sikioni, halafu matone ya maji ndani ya mpira wake, ule mrija unaokiunganisha na kifaa. Kwa unyevu wa Pemba, matone hayo hayaishi. Mpira uchomolewe kwanza ndipo upulizwe. Ukipulizwa ungali umeungana na kifaa, maji yanaingia kwenye mashine. Na masika yakigonga mabati, kifaa hukuza mvua pamoja na maalim, basi hapo maelezo yote yahamie ubaoni.

Saa 2:00
Hesabu. Mwenye ulemavu wa akili anajumlisha kama wenziwe, ila kwa vizibo vya soda: gusa, sogeza, taja. Agizo ni moja moja. Nikishalitoa nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kulirudia, na ukimya huo ndio mgumu kuliko kazi yote. Msaidizi mwenye haraka hunyoosha kidole kwenye jibu, na baada ya wiki chache mtoto haangalii tena vizibo, anaangalia mkono wa msaidizi. Daftari limejaa alama za vyema, hesabu hajui. Ndiyo maana nikimshika mkono leo, kesho namgusa kiwiko tu, kesho kutwa nakaa dawati la nyuma.

Saa 3:20
Nukta nundu, maandishi ya asiyeona yanayosomwa kwa vidole. Kwa sleti, kibao cha kutobolea nukta hizo, mtoto anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Anayeanza hutoboa herufi kwa umbo analolisoma, ikigeuzwa e inakuwa i, d inakuwa f, h inakuwa j. Maneno "kulia" na "kushoto" huzidisha mkorogo. Afadhali "safu ya kwanza" na "safu ya pili": ya kwanza ni ile mkono unayoanza nayo, iwe kusoma au kuandika. Vitabu vyake visimamishwe kabatini, visilazwe kwa rundo, maana uzito hulaza nukta.

Saa 4:00
Mapumziko. Mwenye usonji anatolewa dakika chache kabla ya kengele, akishaonyeshwa picha ya kinachofuata. Mwenye kifafa akianguka: alazwe ubavu, kichwa kiwekewe kitu laini, mdomoni kisitiwe kitu, saa iangaliwe. Zikipita dakika tano, hospitali.

Saa 6:30 mchana
Daftari la nyumbani. "Amefanya vizuri" halimsaidii mzazi. Naandika: kavaa viatu mwenyewe, kamba nimefunga mimi. Daftari hilo linafika na kwa ustadhi wa chuoni, yaani madrasa, kwani alasiri mtoto ni yuyo huyo. Ishara ya "ngoja" ikiwa nyingine skuli na nyingine chuoni, ataitwa mkaidi, kumbe waliomkanganya ni sisi.