Utepe mweusi kwenye koti

Ukurasa ule niliununua kwa wauza vitabu vya zamani mjini Lubumbashi, nikiwa mwanafunzi. Muuzaji aliniapia kwamba ulitoka katika L'Illustration, gazeti la Paris lililochapishwa tangu 1843 hadi 1944. Maelezo ya chini yalikuwa yamekatwa kwa mkasi. Ilibaki picha tupu: bwana mwenye masharubu ameinama mbele ya bibi aliyeketi, ameushika mkono wake kwa mikono miwili. Bibi anatazama dirishani.

Niliupeleka Katuba, mtaa wa mji huo huo, kwa Mama Mkubwa, fundi wa kushona. Watoto wa pale nyumbani wakakata shauri mara moja: anaposa, na bibi anakataa. Mama Mkubwa aliacha cherehani, akavaa miwani, akaanza na nguo. Nyuso hakuzijali kabisa. Alifuata mabega, kola, vifungo, hadi kidole chake kikasimama juu ya kiwiko cha bwana, penye utepe mweusi uliozunguka mkono wa koti.

"Angalia muzuri, mwana yangu. Hii haiko urembo. Huyu bwana eko mu kilio."

Nikamtazama bibi upya. Gauni lake lilikuwa la zambarau iliyofifia. Nilikwisha kusoma kwamba Ulaya ya karne ya 19 mjane alianza na nyeusi tii, na baada ya muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka, ndipo akavaa kijivu au zambarau. Nilipomweleza, Mama Mkubwa alinyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa bado na nyeusi ya marehemu Baba Mkubwa, ingawa familia ilishamaliza matanga.

Mimi nilisema, na hadi leo nasema, kwamba picha ile ni ya mapenzi. Huenda walifiwa na mtu mmoja, kaka wa huyu, mume wa yule, na msiba huo ndio uliomfikisha bwana kwenye kiti kile. Mama Mkubwa aliukubali huo msiba mmoja, mapenzi akayakataa.

"Mikono mbili ni ya kupatia mutu pole."

Tulibishana hadi bukari, yaani ugali, ikapoa. Kisha akauliza kama wajane wale walijichagulia wenyewe siku ya kuacha nyeusi. Nikamjibu kwamba desturi ilipanga, ila wengine hawakuiacha nyeusi kamwe: Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert mwaka 1861, akabaki na nyeusi hadi alipokufa 1901.

"Myaka makumi ine? Hapana! Kesho utanisindikiza ku soko."