Siku moja ya kupandisha wageni Mtae

Saa 10:30 alfajiri niko jikoni. Baridi ya Lushoto, mtu wa Tanga mjini ukimwambia ni mkoa mmoja na kwake anakubishia. Nachemsha chai, nafunga chapati na maparachichi, nakagua begi: koti la mvua, plasta, mifuko ya watakaotapika kwenye kona, sukari kilo mbili. Hiyo sukari haimo kwenye bei ya safari. Inatoka mfukoni mwangu, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni muongoza wageni katika milima ya Usambara. Hata mama huniuliza: "Kwa hiyo wanakulipa kwa kutembea?"

Saa 1 kamili nipo mlangoni pa gesti. Wageni wangu watatu wa Dar, ninaowapandisha kijiji cha Mtae, kaka mmoja, mkewe na shemeji yake, wanatoka saa 2:30. Kaka amevaa raba nyeupe pee. "Mgosi, twende kazi!" Nchi nzima inawaita Wasambaa "wagosi" kwa utani, hatuna neno. Ila mgosi maana yake mwanamume. Mimi nimevaa kitenge na kilemba. Nikacheka, nikafungua mlango wa Noah.

Msitu wa Magamba tumeupita wamelala.

Baada ya Lukozi, yale mafuso ya kabeji na karoti yanayolisha Dar yalikuwa yameikoroga barabara tangu usiku, na mvua juu yake. Noah ikazama hadi tumboni. Dereva akakanyaga mafuta, tope likatuvaa sote. Tukashuka. Tukakata matawi, tukaweka mawe, likagoma. Kaka alisimama pembeni juu ya jiwe, akilinda raba, akiuliza kila dakika tano kama kuna njia nyingine. Hakuna. Mwishowe wakaja vijana wanne kutoka kwenye fuso, wakavua viatu, wakaingia tope la magoti, wakaanza kusukuma. Hapo ndipo kaka akanisogelea na swali lake.

"Sasa dada, Wasambaa wenyewe tutawakuta wapi?"

"Wanakusukumia gari."

Akadhani namtania. Alikuwa ameona picha mtandaoni za makabila ya milimani, watu wa ngozi na shanga. Anataka hao. Nimeshawahi kuulizwa hivyo na Wazungu, sikasiriki. Ila Mswahili mwenzangu akiniuliza, inaniuma kidogo. Nilipomwonyesha matuta mlimani, nikamweleza kuwa miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima kuyachimba, wakulima wakagoma mpaka mpango ukafa, na kwamba babu yangu mpaka anaingia kaburini hakutaka kulisikia neno "tuta", kaka alijibu, "Sawa, lakini mila?"

Mtae tulifika saa 6 na kitu. Miadi na mzee wa kutusimulia mila ilikuwa saa 4, na leo Ijumaa. Tulimkuta kwenye kigoda, birika mkononi, anatawadha. Kabla sijafungua mdomo kaka ameshampiga picha. Nilimwomba aifute. Akasema si hela yake? Nikasema hela ni yako, uso ni wa mzee. Tukatazamana hadi mkewe akamnyang'anya simu, akaifuta mwenyewe. Watu hawalioni hili: mgeni anaondoka, mimi Jumanne narudi hapahapa, kwenye mlango uleule.

Tukasubiri. Kaka akalalamika kwamba amelipa kuona mila na sasa anangoja mtu atoke msikitini. Mzee alirudi na kanzu yake na kofia, nikapiga goti, tukaamkiana. Onga mshi, salamu yetu ya Kisambaa, halafu nyumbani, watoto, shamba, mvua, ng'ombe. Haiwezi kufupishwa.

"Mwulize kama ana vazi la asili," kaka akaniambia, kana kwamba mzee hasikii Kiswahili. Mzee naye akanijibu mimi, bila kumtazama: "Mwambie limefuliwa, liko kambani." Kambani palining'inia jezi ya Simba ya mjukuu wake.

Basi akaanzia hapohapo kwenye simba. Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Ngulu, kigego, yaani meno ya juu yalimtangulia, kwao wakamfukuza. Akaingia Usambara na mbwa wake, akiua nguruwe na kugawa nyama, wenyeji wakimpa ndizi. Usiku mmoja akaua simba kule Vugha, na watu wakamwita "Simba Mwene", simba mfalme. Jina hilo likawa la wafalme wote wa ukoo wake wa Kilindi, waliotutawala Wasambaa, akiwemo Kimweri ye Nyumbai wa karne ya 19. Shemeji mtu alikuwa akiandika kwenye daftari. Aliuliza, "Kwa hiyo mfalme wenu alikuwa mgeni?" Mzee akafurahi sana. "Mgeni," akasema, "lakini hakuja mikono mitupu." Ndipo nikafungua begi nikatoa sukari, nikasema imetoka kwa wageni. Kaka akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyeinunua.

Ukingoni, pale ardhi inapokatika na kuona tambarare ya Mkomazi chini na milima ya Upare mbele, kaka alikuwa akitafuta mtandao.

Kurudi sikumbuki saa. Giza, ukungu, shemeji anatapika, dereva kimya, mimi naimba moyoni ili nisisinzie kwa sababu muongoza wageni akisinzia dereva naye anasinzia. Gestini kaka akanipa elfu kumi, "ya soda, mgosi". Nikapokea. Nauli ya bodaboda, sukari kilo mbili, imebaki chenji.

Saa 4 usiku naloweka miguu kwenye beseni, simu inalia. Ujumbe wa kaka: anaomba picha ya mzee, kama ninayo, bila kofia. Chini yake ujumbe mwingine: Wajerumani wawili, kesho, Magamba, saa 12 asubuhi. Hao saa 12 yao ni saa 12. Nikaweka kengele ya saa 10.