Usiku wa nondo

Leo mpwa wangu kanitega: "Mjomba, wewe si mtu wa Messi? Mbona Ronaldo akicheza hubanduki kwenye runinga?" Nikamzuga, nikamtuma vocha.

Jibu lenyewe linaanzia kibanda umiza kimoja cha mtaani kwetu, Julai 10, 2016. Wiki mbili nyuma Messi alikuwa amepaisha penalti kwenye fainali ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika, dhidi ya Chile, akasema na timu ya taifa basi. Nilikuwa na donge. Ureno ya Ronaldo walipotinga fainali ya Euro dhidi ya wenyeji Ufaransa, nikalipa kiingilio na kukaa benchi la mbele kwa nia moja tu: na Ronaldo naye nimwone akilia.

Akalia kweli. Dakika ya nane Payet wa Ufaransa kamgonga goti. Akatoka, akarudi amefungwa bandeji, ikashindikana. Dakika ya 25 yuko chini, machela inaingia. Uwanja wa Saint-Denis usiku ule ulijaa nondo, wale wadudu wa taa, kwa kuwa taa ziliachwa zinawaka tangu usiku uliotangulia. Mmoja akamtua usoni, hapa karibu na jicho, naye wala hakumpunga. Machozi yanateremka, nondo katulia. Kibanda kizima kimya. Wale wabishi wetu wa "huyu bila penalti si kitu", mimi nikiwa mwenyekiti wao, hakuna aliyepata la kusema.

Mpaka leo watu wakinihesabia tuzo zake tano za mchezaji bora, Ballon d'Or, na wafuasi wake wa Instagram waliopita milioni 600, mimi nakumbuka ukimya ule wa watu tuliokuwa hatumpendi. Nilimkumbuka pia yule kijana wa miaka 19 wa Euro 2004, Ugiriki walipowafunga Ureno nyumbani kwao Lisbon. Jiji hilohilo alilopelekwa na klabu ya Sporting akiwa na miaka 12 kutoka Madeira, wenzake wakimcheka kwa lafudhi yake ya kisiwani.

Muda wa nyongeza akarudi pembeni ya uwanja, anachechemea, anafoka kumshinda kocha Fernando Santos mwenyewe. Dakika ya 109 Éder, mzaliwa wa Guinea-Bissau ambaye pale kibandani tulikuwa hatuna habari naye, akaachia shuti la chinichini kutoka mbali. Wavuni! Nikaruka. Jirani yangu akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"We si wa Messi?"

Juni 2025 nikarudia kosa. Fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Munich. Ronaldo, mzee wa miaka 40, akasawazisha dhidi ya Hispania, 2-2, kisha akatoka ameumia. Ureno wakashinda kwa penalti, naye akalia tena. Huku kwetu ilishapita saa sita usiku. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga, sauti nimeizima, kiganja mdomoni nisije nikaamsha watoto.