Siku moja maishani mwangu: Makamu wa Kwanza anaapishwa, mimi niko studio

Tarehe 8 Desemba 2020, Jumanne. Maalim Seif Sharif Hamad anaapishwa Ikulu kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na kila mwandishi wa Mjini anataka awepo. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio. Nimepangiwa kubaki studio.

Saa 11:30 alfajiri. Nimeshasali. Simu imejaa meseji za usiku: kundi moja pongezi, kundi jingine "tumeuzwa". Juzi Jumapili ACT-Wazalendo, chama chake Maalim, walitangaza kuingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na tangu hapo watu hawalali mapema.

Saa 1:30 asubuhi. Napita Jaws Corner kunywa kahawa. Hilo ni baraza la wapinzani tangu enzi za CUF, chama cha Maalim kabla ya ACT. Ukitaka kusikia upande wa pili, wa CCM, nenda Kisonge, Michenzani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Haya, leo mtatwambia tumeshinda?"

Mwenzake akadakia: "Tumepewa asilimia 19.87, mwenzetu 76.27, na Ikulu tunaitwa sote. Hesabu hiyo mnisomeshe."

Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Maalim alikamatwa siku ya kura ya mapema, chama chake kikayakataa matokeo, na sasa huyo anakwenda kuapa mbele ya Rais Dk. Hussein Mwinyi wa CCM, aliyetangazwa mshindi.

Saa 3:00 asubuhi. Kikao cha habari. Mhariri anataka makala ya dakika sita: tumefikaje hapa? Tukabishana pa kuanzia. Kijana wa michezo alisema tuanze na uchaguzi wa Oktoba, mambo yawe mepesi. Nikakataa katakata. Ukianzia hapo, msikilizaji anamwona mshindi mwenye kura tele anayempa mpinzani cheo kwa hisani yake, na sivyo ilivyo.

Anza 1995. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. Nusu ya nchi ikabaki nje. Pemba watu waliacha kuzikana, wakasusiana maduka na harusi. Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, watu wakafa, wengine wakavuka bahari kukimbilia Kenya. Muafaka wa CCM na CUF uliandikwa 1999, mwingine 2001, na yote miwili haikufika mbali. Kilichofika ni mazungumzo ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim, kisha kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja, kisha marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar.

Saa 5:00. Niko mbele ya kompyuta na vipokea sauti masikioni. Natafuta sauti ya 2010, uchaguzi ambao Dk. Ali Mohamed Shein alipata 50.1 na Maalim 49.1, na kwa mara ya kwanza aliyeshindwa akaingia serikalini. Mwishoni mwa klipu makofi ni marefu mno. Nayakata, nabakisha pumzi moja ya msemaji ili sentensi isiishe ghafla. Fundi mitambo anasema hakuna atakayeigundua. Nakubali, lakini naiacha.

Kisha kipande kigumu: kueleza utaratibu bila kumchosha mtu anayesikiliza huku anapika. Visiwa vya Faroe, chini ya Denmark, bunge lina viti 33, na vyama huungana ili kufikisha 17. Wasipoungana, serikali ni ngumu kusimama. Kwetu sivyo. Rais wetu anachaguliwa moja kwa moja na wananchi. Hahitaji kuomba wingi wa viti kwa mtu. Anayeshirikishwa anashirikishwa kwa sababu Katiba imesema: chama cha pili kikifikisha asilimia 10 ya kura za urais, Makamu wa Kwanza anatoka huko, na uwaziri unagawiwa kwa kuangalia viti vya Baraza la Wawakilishi.

Kwa maoni yangu, udhaifu wake uko hapohapo. Katiba inaweza kuweka kiti. Haiwezi kumkalisha mtu. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91.4 na hakuna aliyefikisha kumi. Ofisi ya Makamu wa Kwanza ikabaki bila mtu kwa muhula mzima.

Saa 8:00 mchana. Chakula, haraka haraka.

Saa 10:00 jioni. Makala hewani. Sauti ya kiapo tumeipata, safi kabisa.

Saa 2:00 usiku. Kipindi cha simu, na hapa ndipo siku inapoanza kweli. Mama mmoja wa Mwanakwerekwe: "Kama wote wamo serikalini, atakayeikosoa nani?" Mgeni wetu, mwanasheria, alizunguka sana, mama akarudia swali lile lile bila kupandisha sauti. Akafuata mtu wa Chake Chake, amekasirika: vijana wake wameumia Oktoba, yeye ashangilie nini? Sikumkata. Dakika mbili redioni ni nyingi, mhariri akanionyesha saa, nikamwacha amalize.

Mwingine akauliza: nafasi ile ni ya Maalim au ya chama? Ya chama, akasema mwanasheria. Tulidhani ni swali la darasani. Tarehe 17 Februari 2021 Maalim alifariki, chama kikapendekeza jina, na Machi Othman Masoud Othman akaapa.

Simu ya mwisho ilitoka Wete. Dk. Mwinyi alikuwa ameacha wizara mbili bila mawaziri kwa ajili ya ACT, na huyu bwana alitaka kujua watajazwa lini, kwa sababu kwake serikali ya umoja ni waziri anayepokea simu.

Saa 4:15 usiku. Nimeandika kwenye daftari la zamu ya asubuhi: fuatilia zile wizara mbili, wanaotajwa ni nani, na yule wa Wete apigiwe tena.