Pamba ya Matondoni

Jirani ameacha kibarazani kopo la sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, na uchochoro mzima unanuka. Mwanangu ameziba pua, anauliza nani atapaka kitu kile kwa hiari yake. Mimi mawazo yameshafika Matondoni, kijiji cha waunda mashua kisiwani Lamu, enzi zile nikiitwa mwalimu wa bara.

Lamu ilikuwa imenipokea vizuri, siwezi kulalamika. Arusini nilikalishwa mahali pazuri na biriani nikala, ila hakuna aliyewahi kuniambia nibebe sinia.

Siku moja ilikuwa bamvua, maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida. Maji hutoka saa nne hivi asubuhi na kurudi alasiri, kwa hiyo mashua hushughulikiwa ubavu mmoja, wa pili hungoja kesho. Ya siku hiyo ilikuwa imelazwa juu ya magadi, yaani magogo ya kuiegemeza. Makuti makavu yaliyowashwa yakapitishwa chini ya tumbo lake kuua wadudu wanaotoboa mbao, tena upesi, maana moto ukikawia pahali pamoja ubao huungua. Kijana mmoja wa kazi hakutokea. Fundi akanirushia furushi la pamba.

"Sokota, mwanangu. Mbona wasimama?"

"Haya, ami."

Pamba husokotwa unene wa kidole cha mwisho, ikachovywa mafuta ya nazi, kisha ikashindiliwa kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, kwani yenye makali huikata. Mapigo ya kwanza ni mepesi, ya kuilaza tu, mazito hufuata. Ikilegea, itachomoka mashua ikipigwa na mawimbi. Ikizidi, mbao zikilowa huvimba, zikasukumana hadi misumari ikalegea. Kipimo ni sikio: nyundo huanza kwa sauti nzito, ya kumezwa, halafu ghafla hulia kavu. Hapo unaacha, hata kama mkono bado unataka. Fundi alinifuata nyuma akibonyeza kila mshono kwa ukucha wa dole gumba, bila neno. Alipofika mwisho hakunisifu. Alinionyesha mshono wa chini kabisa, kando ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, mshono usiotoka majini mashua ikiwa safarini, akaenda zake kivulini.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, tuliipaka kwa viganja ingali vuguvugu, ikipoa haishiki. Maji yakarudi. Chakula kilipofika, mtu akaniagiza nikachote maji ya kunawa, kwa sauti ile ile anayomwagizia mdogo wake. Nikachota.

Habib Saleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, naye alitoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, akaanza na watu wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, na leo Maulidi ya Riyadha hujaza mji. Lakini yule alikuwa sharifu na mwanachuoni. Mimi nilikuwa na pamba. Hadi leo nikibishia bei ya samaki aitwaye changu nakumbushwa kwamba bara hakuna changu. Na bamvua likikaribia, wale wale hunipigia simu kuuliza patasi nimeiweka wapi.